Julian Barnes, mwandishi wa riwaya aliyewahi kuwa mhakiki wa televisheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Julian Barnes ni nani, kwa kifupi?

Ni mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliyezaliwa Leicester tarehe 19 Januari 1946. Kabla riwaya hazijaanza kumlisha alipitia kazi ya kamusi, uhariri wa fasihi, na kutazama televisheni ili aiandikie uhakiki. Kazi hii ya mwisho aliifanya kuanzia 1979 hadi 1986, kwanza katika jarida la kila wiki la New Statesman, kisha katika gazeti la Jumapili la The Observer. Mwaka 2011 alishinda Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, kwa The Sense of an Ending. Wasomaji wengi wanamfahamu kuanzia hapo. Sisi tunaona miaka ya nyuma ndiyo inayoeleza kwa nini anaandika anavyoandika, kwa hiyo majibu ya sehemu hiyo ni marefu zaidi.

Alikulia wapi?

Ingawa alizaliwa Leicester, familia ilihamia London alipokuwa na umri wa wiki sita tu. Kilichobaki cha Leicester ni ushabiki wa mpira: timu yake ni Leicester City. Baba na mama wote walikuwa walimu wa Kifaransa, na Ufaransa haikumtoka tena katika uandishi wake. Kaka yake, Jonathan Barnes, ni mwanafalsafa aliyebobea katika falsafa ya Wayunani wa kale. Ukikutana na jina la J. Barnes kwenye kitabu kuhusu Aristotle, huyo ni kaka mtu.

Kati ya 1957 na 1964 alisoma City of London School, akisafiri kila siku kwa treni ya Metropolitan kutoka kitongoji cha Northwood. Vitongoji vilivyo kando ya reli hiyo viliitwa Metroland, na ndilo jina alilolipa riwaya yake ya kwanza. Kisha alikwenda Magdalen College, Oxford, akasoma lugha za kisasa na kuhitimu mwaka 1968.

Ni kweli alifanya kazi ya kamusi?

Kweli, kwa miaka mitatu hivi. Aliajiriwa kwenye Supplement, yaani juzuu za nyongeza za Oxford English Dictionary. Sehemu yake ilikuwa herufi C hadi G, na mwenyewe amesimulia kwamba alitupiwa maneno ya michezo na matusi.

Kamusi ile hufuata historia ya neno. Anayeishughulikia haketi akatunga maana kichwani. Hutafuta mahali neno lilipochapishwa kwa mara ya kwanza, hunakili sentensi nzima, huandika mwaka na jina la kitabu, kisha hutafuta ushahidi wa miaka iliyofuata hadi aone maana ilivyogeuka. Kosa la kawaida ni kutosheka na ushahidi wa kwanza uliouona, ilhali kuna wa zamani zaidi kwenye gazeti ambalo hukulifungua. Sasa fungua Flaubert's Parrot uone jinsi msimulizi anavyogombana na watu juu ya nani alisema nini, lini, na kwa maneno gani hasa. Mtu aliyewahi kunakili tarehe kwa mshahara ndiye anayeweza kuufanya ugomvi wa aina hiyo usomeke.

Baada ya kamusi alisomea sheria ili awe wakili, lakini magazeti yalimteka kabla mahakama haijamwona.

Aliingiaje kwenye uhakiki?

Kwa kuandika juu ya vitabu. Mwaka 1977 alikuwa New Statesman akihakiki na kusaidia kuhariri kurasa za fasihi, chini ya mwandishi wa riwaya Martin Amis. Ofisi ile ilijaa vijana wenye ndimi kali, Christopher Hitchens akiwa mmoja wao. Barnes amewahi kusema kwamba haya ilimziba mdomo kabisa kwenye vikao vya wiki, akawa anachukuliwa kama bubu wa ofisi. Mwaka 1979 akapewa televisheni. Kwa mtu wa namna hiyo ilikuwa kazi ya kufaa: unakaa kwako na sanduku, hakuna wa kukukatiza.

Mhakiki wa televisheni alifanya nini hasa miaka ile?

Uingereza ya 1979 ilikuwa na stesheni tatu tu: BBC1, BBC2 na ITV. Mwaka huohuo mgomo uliizima ITV kuanzia Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo mhakiki mgeni alianza kazi huku theluthi ya bidhaa haipo sokoni. Channel 4 ilifunguliwa tarehe 2 Novemba 1982, na televisheni ya asubuhi ikaja mapema 1983. Barnes alihamia The Observer mwaka huo wa 1982, wakati uwanja unapanuka.

Ugumu wa kazi uko hapa. Mhakiki wa kitabu anamsemesha mtu ambaye bado anaweza kwenda kununua kitabu hicho. Mhakiki wa televisheni wa enzi zile, kabla mikanda ya video haijaenea majumbani, aliandika juu ya kitu kilichokwisha kupita. Nusu ya wasomaji wamekwisha kukitazama na wana maoni yao. Nusu nyingine hawakukiona na hawatakiona. Ukisimulia kilichotokea, wa kwanza wanachoka. Ukiruka kwenye maoni, wa pili wanapotea. Kinachobaki ni kuchagua jambo moja dogo, namna mtangazaji anavyoshika karatasi zake au neno ambalo mwanasiasa amelirudia kupita kiasi, ulieleze kwa ukamilifu kiasi kwamba aliyeona anacheka na asiyeona anajihisi aliona.

Wengi walianguka kwa njia mbili: kugeuza safu kuwa orodha ya vipindi vya wiki, au kugeuza kila aya kuwa mzaha hadi msomaji asijue kama kipindi kilikuwa kizuri au kibaya. Hiyo ya pili ilikuwa mtego mkubwa zaidi The Observer, kwa sababu ya mtu aliyemtangulia.

Mtu huyo ni Clive James?

Ndiye. Clive James, Mwaustralia, aliishika safu ya televisheni ya The Observer kuanzia 1972 hadi 1982 na kuifanya iwe sababu ya watu kununua gazeti. Barnes alikalia kiti kile kikiwa bado na joto. Watu huwachanganya kwa sababu wote wawili waliandika riwaya pia, lakini James aliendelea na kuwa mtangazaji maarufu mwenye vipindi vyake, na Barnes alielekea upande wa pili kabisa, mbali na kamera. Tofauti nyingine inamhusu mtafiti: James alikusanya safu zake katika vitabu, Visions Before Midnight, The Crystal Bucket na Glued to the Box. Barnes amekusanya insha zake za vitabu, za michoro, za Ufaransa, hata za mapishi, lakini zile za televisheni ameziacha magazetini.

Basi nitazisoma wapi?

Kwenye hifadhi za magazeti. Hii ndiyo njia inayofanya kazi.

The Observer ya miaka hiyo imo katika hifadhi ya kidijitali inayoiunganisha na The Guardian. Vyuo vikuu vingi huilipia, kwa hiyo anza kwa mkutubi wa chuo chako, usianze kwa kadi ya benki. Ukishaingia, bana miaka kati ya 1982 na 1986 kwanza, ndipo uandike jina. Ukiandika jina bila kubana miaka utaletewa mamia ya habari zinazomtaja yeye, badala ya alizoandika yeye. Chuja tena kwa neno “television”. Hakikisha tarehe ni ya Jumapili. Ikiwa ni siku nyingine, umeangukia The Guardian.

Usishangae ukikosa wiki fulani. Kurasa hizo zilisomwa na mashine kutoka kwenye picha, na mashine huvuruga majina yaliyochapishwa kwa herufi za mapambo juu ya safu. Dawa ni kutafuta jina la kipindi unachojua kilirushwa wiki ile, au kufungua toleo zima na kupekua kurasa za burudani kwa macho.

New Statesman ya 1979 hadi 1982 ni ngumu zaidi. Tafuta maktaba yenye matoleo ya zamani yaliyojalidiwa pamoja, au picha za kurasa zake kwenye filamu ndogo (microfilm). Na kama unafanya shahada ya juu, sehemu ya makaratasi yake iko Harry Ransom Center, Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Orodha yao iko wazi mtandaoni. Isome kabla hujaandika barua ya kuomba chochote, maana watakuuliza namba ya kasha.

Alipata wapi muda wa riwaya?

Alijigawa, tena kwa majina. Mwaka 1980 alitoa riwaya mbili. Moja ni Metroland, iliyomchukua miaka kadhaa ya kusitasita na iliyompatia Tuzo ya Somerset Maugham mwaka uliofuata. Nyingine ni Duffy, ya upelelezi, aliyoitoa kwa jina la Dan Kavanagh na kuiandika kwa kasi ambayo Metroland haikuijua. Mhusika wake mkuu ni polisi wa zamani anayeuza huduma za ulinzi London na asiyevumilia mlio wa saa ya mkononi chumbani anamolala. Zilifuata Fiddle City (1981), Putting the Boot In (1985) na Going to the Dogs (1987), kisha Kavanagh akanyamaza.

Jina hilo alilikopa kwa mkewe, Pat Kavanagh. Maelezo ya mwandishi yaliyochapishwa ndani ya vitabu hivyo ni uongo wa kufurahisha: eti Kavanagh alitoroka meli Montevideo na kuhudumia wateja kwa viatu vya magurudumu Tucson. Pia aliwahi kuhakiki migahawa katika jarida la Tatler kwa jina la Basil Seal.

Kwa nini aliacha televisheni mwaka 1986?

Angalia tarehe. Before She Met Me ilitoka 1982, na 1983 jarida la Granta likamweka kwenye orodha yake ya waandishi vijana bora wa Uingereza. Flaubert's Parrot ilitoka 1984, ikaingia orodha fupi ya Booker, yaani vitabu vichache vinavyobaki kushindania tuzo, na mwaka 1986 Ufaransa ikaipa tuzo ya Prix Médicis upande wa insha. Staring at the Sun ikatoka mwaka huohuo. Kufikia hapo riwaya ziliweza kulipa kodi ya nyumba. Hesabu hii ndiyo ambayo waandishi chipukizi wengi huikosea: huacha kazi baada ya kitabu cha kwanza. Yeye alingoja riwaya nne kwa jina lake, ukiacha zile za Kavanagh.

Uandishi wa magazeti hakuuacha kabisa. Kati ya 1990 na 1995 aliliandikia jarida la Marekani, The New Yorker, barua kutoka London, zilizokuja kuwa kitabu cha Letters from London.

Flaubert's Parrot ni riwaya au insha?

Ni riwaya, ingawa Wafaransa waliitunuku kama insha. Msimulizi ni Geoffrey Braithwaite, daktari Mwingereza mstaafu, mjane, anayekwenda mji wa Rouen, Ufaransa, kumfuatilia Gustave Flaubert, mwandishi wa riwaya Mfaransa wa karne ya 19. Flaubert alipoandika hadithi ya Un cœur simple aliazima kasuku aliyekaushwa kutoka makumbusho ya mji na kumweka mezani. Braithwaite anamkuta kasuku huyo kwenye makumbusho ya hospitali ya Hôtel-Dieu. Halafu anakwenda Croisset, kwenye kibanda kilichobaki cha nyumba ya Flaubert, anamkuta kasuku mwingine, naye akidaiwa kuwa ndiye.

Sura ya pili ina tarehe za maisha ya Flaubert mara tatu. Ya kwanza ni ya ushindi tupu: tuzo, marafiki, sifa. Ya pili ni ya misiba na magonjwa. Ya tatu ni maneno ya Flaubert mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Tarehe hazigongani, ila ukizisoma unapata watu watatu. Sura nyingine imeandikwa kama karatasi ya mtihani. Wanaokwama ni wale wanaosubiri kisa kianze. Kisa kipo, kinamhusu mke wa daktari, na anakikwepa kwa kuongea juu ya Flaubert. Msome kama unavyomsikiliza mzee anayezunguka jambo linalomuuma.

Booker alishindana mara ngapi?

Aliingia orodha fupi mara nne. Mwaka 1984 alishindwa na Anita Brookner; 1998, kwa England, England, alishindwa na Ian McEwan; 2005, kwa Arthur & George, alishindwa na John Banville. Mwaka 2011 akashinda, pauni 50,000. Kabla ya hapo aliwahi kuiita tuzo hiyo bingo ya wakubwa, na magazeti yalimkumbusha hilo siku ya ushindi.

Kitabu kilichoshinda kina kurasa 150 hivi, na walikuwepo waliolalamika kwamba ni kifupi mno kuitwa riwaya. Jukwaani alimshukuru Suzanne Dean, msanifu wa jalada, akisema vitabu vya karatasi vikitaka kushindana na vya kielektroniki sharti vivutie kuvinunua na kuvitunza.

Wakati ule Booker ilikuwa ya waandishi wa Jumuiya ya Madola, Ireland na Zimbabwe pekee, ndiyo maana hakukutana na Wamarekani. Katika mfumo huohuo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliingia orodha fupi mwaka 1994 kwa Paradise. Milango ilifunguliwa kwa kila riwaya ya Kiingereza iliyochapishwa Uingereza kuanzia 2014.

Nianze na kitabu gani?

Kama Kiingereza chako ni cha sekondari, anza na The Sense of an Ending. Sentensi zake ni fupi na hazikuzungushi. Ukiimaliza, rudi ukurasa wa kwanza, kwenye orodha ya vitu ambavyo msimulizi anasema anavikumbuka. Kimoja kati ya hivyo hakukiona kwa macho yake, na anakuambia hivyo waziwazi mapema kabisa. Mara ya kwanza karibu kila mtu hulipita hilo.

Anayependa kesi na ushahidi achukue Arthur & George. George Edalji alikuwa wakili, mwana wa kasisi mwenye asili ya Waparsi wa Bombay, jamii ambayo Unguja iliifahamu vizuri. Mwaka 1903 alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kosa la kumjeruhi farasi. Aliachiwa 1906 bila maelezo, Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, akaipigania kesi yake magazetini, na 1907 akapata msamaha bila fidia hata senti. Barnes hakutunga mhimili wa kisa. Alitunga vichwa vya watu.

The Noise of Time ni ya anayependa muziki na siasa: mtunzi wa muziki wa Kisovieti Dmitri Shostakovich, katika miaka ya 1936, 1948 na 1960. Picha ya kwanza ni mtu aliyesimama usiku kando ya lifti na mkoba wake, ili polisi wa siri wakija kumkamata wasimtoe kitandani mbele ya familia.

Talking It Over isomwe kabla ya Love, etc, kwa kuwa ya pili inaendeleza ya kwanza. A History of the World in 10½ Chapters iache hadi umzoee. Sura ya kwanza inasimuliwa na mdudu mtoboa mbao aliyejificha ndani ya safina ya Nuhu, na msomaji anayetarajia historia hufunga kitabu ukurasa wa tano.

Mkewe alikuwa nani?

Pat Kavanagh, mzaliwa wa Durban, wakala wa fasihi, yaani anayewatafutia waandishi mikataba kwa wachapishaji, mwenye nguvu kubwa London. Walioana 1979. Mwaka 1995 Martin Amis alimwacha Kavanagh na kwenda kwa wakala Mmarekani, na urafiki wa Barnes na Amis ukavunjika kwa miaka. Kavanagh alifariki tarehe 20 Oktoba 2008 kwa uvimbe wa ubongo, siku 37 baada ya kugunduliwa. Levels of Life (2013) ina sehemu tatu: mbili juu ya watu waliopaa angani kwa puto na wapiga picha wa karne ya 19, ya tatu juu ya msiba huo. Usiruke mbili za mwanzo ili ufike haraka kwenye kilio. Maneno ya sehemu ya tatu, kupanda, kuanguka, kuona kutoka juu, yote yameandaliwa humo.

Huandika kwa kompyuta?

Riwaya alizipiga kwa taipu ya umeme ya IBM, akazisahihisha kwa kalamu hadi ukurasa usisomeke, kisha akapiga upya. Departure(s), iliyotoka Januari 2026 alipotimiza miaka 80, ametangaza kuwa ndicho kitabu chake cha mwisho.

Zipo filamu za vitabu vyake?

Zipo. Metroland (1997) na Christian Bale, Love, etc. ya Kifaransa (1996), ambayo licha ya jina lake imetokana na Talking It Over; Arthur & George, tamthilia ya ITV ya 2015, Martin Clunes akiwa Conan Doyle; na The Sense of an Ending (2017) ya Ritesh Batra, akiwamo Jim Broadbent na Charlotte Rampling. Ukiwa na mtihani usitegemee hiyo ya mwisho. Kitabu kinasimuliwa na mtu ambaye kumbukumbu yake haiaminiki, na kamera, ikishatuonyesha jambo, tunaliamini.